Mgeni Aliyesahihisha Ukuta Wetu

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 Novemba, saa moja na robo asubuhi. Anga lilikuwa safi, na baridi ya jangwani ilikuwa bado imekaa kwenye mawe.

Nilifungua mlango wa nyumba yangu, ndani ya ngome ya Jaisalmer, India, nikakuta wanaume watatu wamejipanga kunipa hongera.

Nikauliza hongera za nini.

"Za harusi yako ya Alhamisi, kaka," akasema muuza maziwa. "Mbona unajifanya hujui?"

Mke nilikuwa naye. Tatizo ni kwamba hakuwa nyumbani.

Nieleze kwa mpangilio.

Naitwa Jethmal Vyas. Nyumba ya babu yangu ina vyumba vinne, nami nilivigeuza vyote kuwa vya wageni. Cha nne kilikuwa chetu, mimi na mke wangu Kesar. Kila msimu nilimwambia tukitoe kwa wiki moja tu. Wiki hiyo moja ilichukua miaka mitatu, na miaka hiyo yote tulilala stoo, katikati ya magunia ya dengu.

Mwezi Machi Kesar alimchukua binti yetu Mohini, akaenda kwao Pokaran. Mlangoni alisema hivi tu: "Ukipata nafasi ya mkeo, nijulishe."

Sikumjulisha. Nilijiambia kwamba aliyeondoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu hiyohiyo. Miezi minane ikapita.

Sasa ukuta.

Kwetu mwaliko wa harusi huchorwa kando ya mlango: mungu Ganesh juu, majina ya maharusi chini yake, kisha siku. Anayepita akausoma, amealikwa. Harusi ikiisha hatuufuti. Unabaki hapo mpaka jua liuchoshe. Wangu ulikuwa na miaka tisa, na ulikuwa umechoka kuliko mimi.

Asubuhi ile ulikuwa unang'aa. Jethmal na Kesar. Alhamisi, 20 Novemba. Mwaka huu.

Nilipanda ngazi hadi chumba cha nne. Humo alikaa mgeni kutoka Pune, Mzee Deodhar, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu alisahihisha ratiba za treni katika kiwanda cha uchapaji. Alistaafu yeye, mkono wake haukustaafu. Nilimkuta anakunywa chai, vidole vyekundu kwa rangi.

"Tangazo lako lilipitwa na wakati," akasema. "Nimeweka mwaka. Na kwa kuwa tarehe ishirini mwaka huu ni Alhamisi, siku nayo nimeirekebisha."

"Mzee, hiyo harusi ilishafanyika."

Akanywa funda la chai.

"Basi ungeandika hivyo."

Kuufuta sikuweza. Hakuna mtu kwetu anayemkwangua Ganesh mwenye rangi mbichi. Akimkwangua, atakuwa ameikwangua ndoa yake. Na yangu haikuwa na cha kukwanguliwa.

Kufika jioni, wanamuziki wa ukoo wetu walikuwa wamewasili kutoka kijijini kwao na ngoma zao, kwa sababu wao hawasubiri kuitwa. Mpishi wa ladu, vile vitamutamu vya mviringo vya harusi, alikuwa ameshachochea moto. Kila niliyemweleza ukweli alicheka, akaniuliza aje na watu wangapi.

Jumanne habari ilipanda basi kwenda Pokaran. Kondakta aliibeba nusu: Jethmal anaoa Alhamisi. Jina la bibi harusi hakulisoma.

Shemeji yangu akapiga simu. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Shemeji, tunakuja. Kilemba usivae kwanza, tusije tukakiharibu bure."

Usiku huo sikulala. Nilielewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa mwezi Machi: mlango wa Pokaran ukifungwa, sitaufungua tena.

Jumatano saa sita mchana Kesar alifika. Nyuma yake alikuja Mohini, kisha shemeji, aliyelazimika kuinama ili apite kwenye uchochoro wetu. Wanamuziki walianza kupiga ngoma. Shemeji akawatazama, wakaacha.

Kesar alisimama mbele ya ukuta, akasoma. Akasoma tena.

"Baba Mohini," akasema, "umeniposa kwa brashi?"

Nilikuwa na sekunde moja ya kudanganya. Uongo ulikuwa mtamu, na ulikuwa tayari.

"Hapana," nikasema. "Ni mgeni. Mimi hata kukufuata sikukufuata."

"Nilijua. Wewe huna akili ya kuwaza jambo zuri namna hii." Akalegeza ushungi. "Huyo mgeni analala wapi?"

Mohini akajibu kwa niaba yangu, kwa kuonyesha dirisha la chumba cha nne.

Kesar alipanda ngazi. Tulimsikia wote.

"Mzee, tarehe umeisahihisha vizuri. Sasa sahihisha na chumba."

Deodhar alifungasha kwa dakika nne. Alikubali kwamba kosa lilikuwapo.

Kesar akatangaza kwamba, kwa kuwa watu wamealikwa, watu watakula, na mimi nitamwoa upya mbele yao, mlango wa chumba chetu ukiwa wazi ili kila mtu aone kitanda kipo.

Alhamisi asubuhi nilienda kumwita kuhani, Shivratan Purohit. Nilimkuta amevaa kilemba cha rangi ya waridi, anapandishwa juu ya farasi.

"Leo siwezi, ndugu yangu," akasema kwa unyonge. "Naoa."

"Unamwoa nani?"

"Mke wangu. Ukuta umesema."

Nikageuka. Deodhar alikuwa nyuma yangu, anatazama viatu vyake.

"Ni kuta sita tu," akasema. "Wa saba niliishiwa rangi."

Kama wewe nawe una mwaliko uliochakaa ukutani, upake rangi mwenyewe, kabla mgeni hajakukumbusha kwamba una mke.

Kuhani alifungishwa ndoa na mjomba wake, kisha akaja kutufungisha sisi, kilemba bado kichwani. Shemeji alikula ladu kumi na moja, akarudi Pokaran bila kumpiga mtu. Deodhar alilala stoo, kati ya magunia ya dengu, na Ijumaa akapanda treni ya kwenda Jodhpur. Mohini alibaki na brashi ya mzee. Mimi niliiazima, nikapanda ngazi hadi kwenye kibao chetu cha wageni, nikafuta "vyumba vinne", nikaandika "vyumba vitatu". Kesar alisimama chini na kusahihisha mwandiko.