Dada Alipozima Simu

Shemeji yangu, mume wa dada yetu mkubwa, alipofariki, sisi wadogo zake tulimnunulia dada simu janja. Alikuwa amebaki peke yake kijijini Ijumbi, wilaya ya Muleba, na sisi tumetawanyika: mimi mjini Hamugembe, kaka yetu mmoja Mwanza, mwingine Dar es Salaam. Tulifungua kundi la familia, tukakubaliana isipite hata asubuhi moja bila yeye kusikia sauti zetu.

Kila tulipopiga alipokea. "Niko salama, mdogo wangu. Nimekula." Nilikuwa nakata simu nikiwa na amani.

Jumamosi moja hakupatikana. Kufikia saa nne kundi zima lilikuwa na wasiwasi, nikapanda basi hadi Muleba, kisha bodaboda, simu mkononi, nikiwaandikia wenzangu nilipofika.

Mlango ulikuwa wazi, ndani hakuna mtu. Nikasikia sauti kutoka kwenye kibanja, kule kwenye migomba nyuma ya nyumba. Dada alikuwa anakata majani makavu kwa panga huku analia kwa sauti, analitaja jina la mumewe. Nilisimama nikaanza kuandika kwamba nimempata. Akaniona.

"Iweke kwanza hiyo," alisema. Hakuwa na hasira.

Nikaiweka mfukoni. Akajifuta uso kwa kanga.

"Tangu tumzike sijapata nafasi ya kumlilia. Nikianza tu, simu inaita. Nanyamaza, nawaambia niko salama, kwa sababu najua mnataka kusikia hivyo."

Nilichukua kisu nikamsaidia kuondoa majani mpaka jua likaelekea magharibi. Mara kwa mara alizungumza. Alinionyesha migomba aliyoipanda shemeji mwaka waliooana, akanieleza jinsi siku za mwisho alivyoomba wamtoe nje aitazame. Hayo yote sikuyajua, mimi niliyempigia kila siku.

Kabla sijaondoka aliwasha simu akarekodi ujumbe mbele yangu: "Mchana nitakuwa nazima simu. Jioni nitawasha. Anayenitaka mchana, aje nyumbani."

Kaka wa Mwanza alinuna. Alisema tunamwacha mjane ajifungie na huzuni. Dada hakubishana naye, na saa zake hakuzibadilisha. Baada ya majuma mawili kaka akafunga safari mwenyewe, akakaa kwa dada siku tatu. Aliporudi aliniambia tu, "Dada yetu ana nguvu kuliko sisi."

Nami naamini hivyo. Mimi nisingethubutu kuwaambia watu wanaonipenda kwamba nahitaji kuwa peke yangu.

Siku hizi ananipigia yeye, jioni. Juzi alianza kusema kuhusu shemeji, akashindwa kuendelea. Zamani ningemwuliza haraka kama amekula. Safari hii nilikaa kimya, simu sikioni, nikamsikia akilia, na mvua ikipiga bati la nyumba yake. Hakujificha.

"Upo?" aliuliza baadaye.

"Nipo, dada."

Akaendelea kunisimulia.