Amande ya Wenye Adabu

Mwezi uliopita niliacha pikipiki yangu mbele ya duka la sabuni hapa Kasongo, nikaingia, nikatoka, ufunguo haupo. Hata sabuni yenyewe sikuwa nimechagua bado! Bwana mmoja aliyevaa jile, kizibao cha rangi ya chungwa, alikuwa ameushika ufunguo wangu kidoleni, anauzungusha. "Mama, umesimamisha vibaya," akaniambia. Nikamuuliza, vizuri ni wapi? Nionyeshe mstari. Nionyeshe kibao. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema, "Mama, usikasirike." Mimi nisikasirike! Nilimkasirikia mpaka wateja wa dukani wakatoka kutazama, na mwishowe nililipa hiyo amande, yaani faini yao, maana wali wa watoto ulikuwa jikoni na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Hasira hii sikuiokota njiani. Nimeirithi kwa baba yangu, mkulima wa Kabambare, mtu mfupi, mpole kabisa mpaka pale utakapomwambia amekosa ilhali hajakosa. Hapo hata umpe ng'ombe hatasogea. Na kila nikinyang'anywa ufunguo mjini hapa, namkumbuka yeye na siku ya ndoa yangu.

Nilikuwa ninaishi Kasongo kwa shangazi yangu, dada ya baba, tangu nilipokuja kusoma. Mchumba alikuwa mtu wa Nyangwe, mfanyabiashara mdogo wa samaki wa kukausha, na ndoa ilipangwa ifungwe nyumbani kwa shangazi baada ya sala ya alasiri. Wanawake wa kwetu walikuwa wameshafika kwa lori wiki nzima kabla. Baba alikuwa na mpunga wa kuvuna, kwa hiyo alisema atakuja mwenyewe na pikipiki yake, afike asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nilimsubiri kwa hamu, na sioni aibu kusema. Miaka yote ile ya shule nilikuwa namwona mara moja kwa mwaka, na nilitaka anioze yeye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa, mwaka ule ndio walikuwa wamekuja hao tuliowaita wanyakua-funguo. Walipewa kazi ya kukataza watu wasisimamishe pikipiki kando ya barabara ya sokoni. Kazi nzuri kwa kuisikia, lakini vibao hawakupewa. Mara ya kwanza walifunga kamba. Kamba ikapotea, na baadaye mbuzi wawili wa kartie yetu, mtaa wetu, wakaonekana wamefungwa kamba mpya. Mara ya pili walipanga mawe, na mama wauza maandazi wakayachukua wakatengenezea mafiga. Ndipo shefu wao, mtu mgeni aliyeletwa kutoka mbali, akaamuru yakatwe matawi ya mchikichi, yakasimamishwa kando ya barabara, moja moja, mpaka mbele ya kibanda chao. Kwao, alisema, tawi barabarani ni la kuonya watu, kwamba mbele kuna lori limeharibika.

Loo! Kwetu tawi la mchikichi kando ya barabara ni kilio. Maana yake nyumba hii imefiwa. Ukiliona, unazima moto wa pikipiki, unashuka, unavua kofia, unasukuma pikipiki yako taratibu mpaka walipokaa wafiwa, unaiacha hapo, unawapa mkono mmoja mmoja. Hata kama huwajui. Hasa kama huwajui, Baba alikuwa akisema, maana anayewajua atakuja tu. Na kibanda chenyewe kilikuwaje? Turubai limetandazwa juu, mabenchi mawili chini, wanaume sita wamekaa kimya na nyuso za kuchoka. Nani angejua kwamba hapo hapana maiti?

Sisi wa mjini tuliligundua hilo ndani ya siku mbili tu. Tukawa tunapita hapo mbio, bila kupunguza hata kidogo, Mungu atusamehe. Waliokamatwa walikuwa watu wa mbali, wa Kabambare, wa Nyangwe, wa mashambani, wale ambao bado walikuwa wanashuka. Yaani amande ile ilikuwa inawaangukia wenye adabu peke yao. Na wale wanyakua-funguo waliozaliwa hapa walilijua jambo hilo vizuri sana, lakini nani amwambie shefu mgeni kwamba amekosea? Walinyamaza, wakaendelea kukusanya.

Asubuhi ile Baba aliingia mjini na bidoni ya mafuta ya mawese nyuma na majogoo wawili wamefungwa juu yake. Alikuwa amelala njiani, mvua imempiga, matope mpaka magotini. Akaona matawi. Akazima moto, akavua kofia, akasukuma. Akaiacha pikipiki pale, akapita kwenye mabenchi akiwapa mkono wote sita. "Poleni. Poleni sana. Mungu ampe pumziko." Halafu akatoa kitu kidogo mfukoni, mkono wa pole, akamwekea shefu kiganjani, akakaa kimya pamoja nao, ameinamisha kichwa. Alipoinuka aage, ufunguo haupo.

"Muzee, hapa hapasimamishwe pikipiki."

"Hapasimamishwe kwa nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Sasa mumekaa kwa nini?"

Hayo nilisimuliwa baadaye na mama mwuza maandazi, aliyecheka mpaka unga ukamwagika. Lakini wakati ule hapakuwa na kicheko. Walimwambia alipe amande na atie sahihi kwenye karatasi. Pesa ya amande alikuwa nayo. Sahihi akakataa. Akakataa pia kuondoka na kuiacha pikipiki, kwa sababu, alisema, mtu akikimbia ameshajihukumu. Akakaa kwenye benchi, kofia juu ya goti, majogoo miguuni.

Habari ilinifikia adhuhuri. Mimi nilikuwa ndani, nimepakwa hina mikononi na miguuni, kwa maana siku hiyo bibi harusi hatoki, haonekani. Mchumba wangu aliyeleta habari alisimama nje ya dirisha, akaongea na shangazi kwa sauti ya mtu mwenye hatia. Alikuwa ameshakwenda kwenye kibanda, ameomba amlipie baba mkwe, amtilie hata na sahihi. Baba alimjibu, "Hauwezi kuanza kuishi na mutoto wangu kwa kunisemea uongo." Kisha akatuma neno: kama alasiri itamkuta pale, basi imamu amchukue mjomba fulani awe wakili wake, anioze kwa niaba yake, ndoa ifungwe, asisubiriwe.

Niliposikia neno wakili nililia. Sheria inaruhusu, najua. Walioozwa na wakili wameolewa sawa na wengine, wamezaa, wameishi. Lakini baba yangu yuko mtaa wa pili! Ametoka Kabambare kwenye matope kwa ajili yangu, na sasa anisikie nikiolewa kwa kuambiwa na wapita njia, kwa sababu ya sahihi moja? Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wale wa jile. Nikamwambia shangazi nakwenda. "Weee! Umerukwa na akili? Na hina hiyo?" Nikamwambia, ndiyo, na hina hii. Shangazi alinitazama, akavua kitenge chake kikubwa, akanifunika nacho kichwa mpaka miguu. "Pita nyuma ya nyumba," akasema. "Na mwambie huyo kaka yangu yeye ni punda."

Nilimkuta amekaa vile vile. Aliponiona miguu yenye hina chini ya kitenge, akasimama.

"Mama, umetoka?" Ndivyo alivyokuwa akiniita, mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Nimetoka kwa sababu yako, Baba. Tia sahihi twende. Ni karatasi tu."

Alimtazama shefu, akanyoosha mkono apewe kalamu. Ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nikaona kifua chake kikishuka. Akaweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaisoma polepole kwa sauti, maana Baba hasomi kimya. "Mimi niliyetia sahihi hapa nakubali kwamba nimesimamisha chombo changu pahali pamekatazwa, bila sababu." Akarudia, "Bila sababu." Kisha akainama aandike.

Nikamshika mkono. Hata leo sijui nani alinisukuma. Mimi niliyekuja kumlaumu nikajikuta nimeishika kalamu ile na kumpigia kelele yule shefu mbele ya soko zima. Nilimwambia sababu ilikuwepo! Baba yangu alisimama kwa ajili ya maiti wenu ambaye hamna! Hata pole yake mmeitia mfukoni! Shefu alikuwa mtu mtulivu, macho mekundu ya vumbi, si mbaya. Alisema tu, "Dada, kila ninayemushika iko na hadisi yake. Bila karatasi, wakubwa wangu wataniuliza mimi."

"Sawa," nikasema. "Baba haondoki, na mimi siolewi na wakili. Imamu atakuja hapa."

"Hapa iko ku biro! Hakuna arusi hapa."

Niliomba simu ya mama wa maandazi, nikampigia mchumba. Akauliza kama walete na mikeka. Siku ile ndiyo nilijua nimepata mume.

Baada ya alasiri wakaanza kuja. Imamu alikuja kwa miguu na watu wa kartie. Halafu wakatokea wajomba wa mchumba, wazee watano wa Nyangwe, ndio kwanza wanaingia mjini, wamevaa kanzu, pikipiki tano. Hakuna aliyewaambia lolote zaidi ya kwamba ndoa imehamia barabara ya sokoni. Wakaona matawi. Moto zikazimwa, zote tano. Wakashuka, wakavua kofia, wakasukuma pikipiki mpaka mbele ya kibanda, wakaziegesha kwa mstari. Mkubwa wao alikuwa anafuta machozi tayari, maana alidhani ameondokewa na mkwe kabla ya ndoa. Akamwendea shefu, akamshika mikono yote miwili. "Pole, baba. Pole sana. Ni nani ametutoka?"

Shefu alisimama na mikono yake mikononi mwa mzee yule. Nyuma yake wanne wengine walikuwa wamepanga foleni ya kumpa pole. Akageuka kwa watu wake. "Kwa nini wananililia?" Wakatazama chini. Mmoja, mzaliwa wa hapa, ndipo akasema taratibu matawi hayo kwetu ni ya nini. "Na mulijua?" Yule yule akaitikia kwa kichwa. Nilimwona uso ukimbadilika, na haki ya Mungu nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa nimemtukana mchana ule ule.

Hakutoa hotuba. Alichukua ile karatasi juu ya tangi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Akampa Baba ufunguo kwa mikono miwili. Kisha akatoka juani, akaanza kung'oa matawi mwenyewe, moja moja, akiyarundika nyuma ya kibanda, na watu wake wakamfuata bila kuambiwa.

Tungeweza kurudi nyumbani kwa shangazi. Lakini imamu alisema watu wameshakaa, mashahidi wapo, mahari ipo, tunangoja nini? Mikeka ikatandikwa chini ya lile turubai. Mimi nilisimama nyuma ya kibanda, nimejifunika kitenge, penye lile rundo la matawi.

Mabibi harusi wa kwetu hawasikii ndoa yao. Wanakaa chumbani na wanawake, mpaka mtu aje mlangoni aseme tayari, na vigelegele vipigwe. Dada zangu wote waliolewa hivyo, na mama yangu, na shangazi. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwa baba yangu, ukuta wa mabati katikati yetu. Nilisikia imamu akimfundisha maneno. Nilisikia Baba akivuta pumzi. Sauti ile iliyogombana na serikali nzima tangu asubuhi ikakwama. Akaanza tena, ikakwama. Mara ya tatu akasema, "Nimekuozesha binti yangu," akataja jina langu, akaongeza, "huyu aliyenifuata barabarani."

"Muzee," imamu akasema kwa upole, "ukisema binti yangu na jina, inatosha."

"Haitoshi," Baba akasema, na akayarudia yote tangu mwanzo, vile vile.