Tochi Pacha

Baba alikuwa fundi wa vibatari. Alikata makopo, akayalehemu, akatia utambi, na nyumba nyingi za mtaa wetu pale Tabora ziliwahi kuangazwa na kazi ya mikono yake. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kulala penye mwanga. Hata mstari mwembamba chini ya mlango ulimkera. "Zimeni, nilale," alisema kila usiku, nasi tulizima huku tukinung'unika.

Siku aliyofariki nilikuwa Nzega. Basi likaharibika njiani, mazishi yakanisubiri mimi, na niliposhuka stendi jua lilikuwa linazama. Nikamwendea mmachinga, nikachukua tochi mbili za LED, za plastiki nyekundu, elfu tatu zote mbili.

"Hizi, kaka, zinakaa siku tatu bila kuzimika," alinisifia.

"Uongo huo kawauzie wa Dar," nilimjibu. "Hizi asubuhi haziioni."

Kijana wa watu hakuwa na kosa. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa sikuthubutu kumkasirikia Mungu, nilimkasirikia yeye.

Makaburi yetu yako kando ya njia ya zamani ya misafara. Anayechimba pale hukutana na vigae, na siku ile wachimbaji waliokota shanga mbili za buluu, wakazirudisha zilikotoka. Niliingia kaburini na ndugu zangu wawili kumpokea baba. Ndani ya mwanandani, ule upenyo wa kumlazia maiti, kulikuwa giza tupu, nikaiwasha tochi moja na kuiweka pembeni ya kichwa chake ili nizione kamba za sanda. Tulizifungua, tukamlaza shavu kwenye udongo, tukapanga mbao. Nilipovutwa juu niliona mstari mwembamba wa mwanga kati ya mbao mbili. Nikadhani ni machozi yananichezea macho. Kisha udongo ukaanza kumwagwa.

Wakati wa dua nikapapasa mifuko. Tochi ilikuwa moja.

Nilimvuta shehe pembeni, nikamweleza. Akaniuliza thamani yake.

"Elfu moja na mia tano, shehe."

"Basi mwacheni mzee. Ingekuwa mali ya maana tungezungumza. Kaburi halifukuliwi kwa kitu kama hicho."

Kumbe ningenunua ya bei mbaya, baba angelala.

Nyumbani niliiwasha ile iliyobaki, nikaifungia kwenye kabati la baba, chumbani kwao. Zilitoka boksi moja, siku moja. Itakapozimika hii, nitajua na ile imezimika. Sijawahi kumwombea mtu awe mwongo, lakini usiku ule nilimwombea yule mmachinga.

Asubuhi ilikuwa inawaka vilevile. Mama, aliyekuwa ameanza kukaa eda chumbani humo, aliuona mwanga kwenye ufa wa mlango wa kabati.

"Zima hiyo. Baba yako hapendi."

Nikamwambia yote. Hakulia, wala hakunigombeza. Alivuta mkeka karibu na kabati, akakaa. Wanawake wa mtaa walikuja kumpa pole, naye akawaitikia huku jicho liko kwenye ule ufa. Kila alipomaliza kuswali alinituma nifungue, nitazame.

"Bado?"

"Bado, mama."

Siku ya pili mwanga ulififia, ukawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Niliogopa kuugusa. Siku ya tatu, kabla ya Adhuhuri, ukazimika mbele ya macho yetu.

"Alhamdulillahi," mama alisema. "Sasa alale."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nami nikalia naye. Nililifunga kabati bila kuigusa ile tochi.

Alasiri tulikuwa tunakunywa uji, pazia limeshushwa. Kikombe cha mama kikasimama hewani. Kwenye ufa wa kabati palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga.

Betri iliyopumzika hurudisha nguvu kidogo, hilo hata mtoto analijua, nami nililisema kwa sauti, mara mbili. Nikafungua kabati, nikazing'oa betri moja moja mpaka giza likarudi. Mama alizitazama kiganjani mwangu.

"Na ile nyingine," aliniuliza, "nani ataizima?"