Madaftari Yaliyochomwa kwa Heshima

Shule niliiacha darasa la tatu. Chuoni kwa Maalim, kwenye Kurani, nilikaa zaidi, kwa hiyo herufi za Kiarabu nazisoma upesi kuliko hizi ninazoandikia sasa. Ndiyo sababu nikawa msomaji wa mwandishi ambaye hapa Msambweni walimwona mzembe tu.

Nilikutana naye hospitali. Mimi nilikuwa nimefukuliwa chini ya ukuta ulioporomoka kwenye machimbo ya mawe. Wenzangu wawili walitolewa wamekufa. Yeye alikuwa kitanda cha pili, anaumwa sukari. Aliniona natazama dari kutwa, akanirushia daftari lake. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu.

Ilikuwa hadithi ya mauaji. Mpelelezi wake si polisi, ni mama wa kijiji cha Munje anayeosha maiti. Anamwaga maji, anatazama, ananyamaza. Na mwuaji unamjua tangu ukurasa wa kwanza. Unachongojea ni nani atakayethubutu kumtaja.

"Sasa mzee, utamu uko wapi kama nimeshajua?" nikamuuliza.

"Na wewe kule machimboni, hukujua nani aliuona ufa wa ule ukuta?"

"Nilijua. Msimamizi. Tulimwonyesha siku mbili kabla."

"Umemwambia nani?"

Nilipotoka hospitali niliwaendea wajane wote wawili nikamtaja msimamizi. Kazi ya machimbo nikaikosa.

Vitabu vyake viwili vyembamba vilichapishwa Mombasa, vikaishia kufungia karanga. Mwalimu mmoja wa sekondari aliviita hadithi za vichochoroni, na hakuwahi kuvifungua. Mimi nasema hakuna aliyeandika kifo cha huku kwetu kama yeye. Maiti wake wana jamaa. Kuna anayehangaikia sanda, kuna anayesema uongo huku ameshika birika.

Lakini nililolipenda zaidi ni daftari la hukumu zake juu ya vitabu vya wengine. Hakutukana. Juu ya riwaya moja iliyosifiwa sana aliandika kwamba watu saba wanakufa mle na hakuna hata mmoja anayeoshwa, basi mwandishi hakuwapenda hata walipokuwa hai. Juu ya kitabu chake mwenyewe aliandika kuwa sura ya nne aliiweka kumfurahisha mchapishaji. Hilo daftari aliniazima.

Alipofariki nilikuwa lindoni Diani, na mwenye jumba alininyima ruhusa. Nilifika siku ya tatu, matanga yanaondolewa. Rafu ya madaftari yake tupu.

"Maalim alisema karatasi za Kiarabu haziachwi zikakanyagwa," mkewe akaniambia. "Zimechomwa vizuri, jivu likatiwa baharini."

Ndivyo tufanyavyo na juzuu za Kurani zilizochanika. Shemeji wa huyo mjane ndiye aliyebeba magunia. Anajua kusoma herufi hizo, ila alikuwa na haraka ya kukipangisha chumba cha marehemu.

Nikaenda kwa Maalim. "Nimesikia unalo jingine," akasema. "Lilete, baba, tulisitiri nalo."

Nilikuwa nalo kwapani; nikalifungua nikamsomea papo hapo. Tasbihi ikasimama mkononi mwake.

"Hizi si dua?"

"Ni habari za riwaya, Maalim."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusoma? Si ndiwe uliyenifundisha kusoma?"

Nami sikuwa na haki ya kupiga kelele zaidi. Miaka yote ile sikuwaambia watu wa nyumba ile ndani ya madaftari mna nini. Nilipenda kuwa msomaji peke yangu. Na mimi niandikwe pamoja na hao waliochoma.

Siku zangu za mapumziko nalinakili daftari hilo kwa herufi hizi, barazani kwa marehemu. Polepole, mkono wangu mzito. Mkewe huketi karibu akichambua mchicha, nami namsomea kila ukurasa unapokwisha. Jana alicheka hadi akafuta macho.

"Na mimi siku zote nilidhani anaandika dua za kujiombea," akasema.

Maalim ameniletea kalamu nne. Nimezichukua. Kumsamehe bado.