Mgeni Aliyekula Figili na Udongo Wake

Nilitoka kupeleka nguo za mteja, nikarudi nikamkuta mwanamke nisiyemjua amepiga magoti kwenye bustani yetu. Anatafuna figili yenye udongo, machozi yanamchuruzika.

Wala hakuwa mwizi. Mtoto wangu ndiye aliyekuwa anamlisha.

"Mama, njoo uone!" Kiroboto akaniita. "Huyu mgeni anapenda figili! Kala mpaka majani!"

Mwanamke akainua uso.

Jamani, kile kidevu. Kishimo kilekile cha Kiroboto ninachokipaka mafuta kila asubuhi kabla ya shule.



Nianze vizuri ili tuelewane. Mimi ni fundi cherehani, na Kiroboto sikumzaa. Baba yake, dereva wa lori, alinioa mtoto akiwa na miaka miwili. Akaniambia mama yake alishafariki. Nikasema pole, nikambeba mtoto, basi. Jina la Kiroboto nilimpa mimi, maana alikuwa hatulii, anaruka kutoka asubuhi mpaka usingizi umwangushe.

Alipofika miaka sita, lori la baba yake likapinduka kwenye mteremko. Mume wangu hakutoka hai.

Kiroboto hakulia. Aliacha kuruka tu.

Heri angelia. Alikuwa anakaa chini ya meza ya cherehani, anapanga vifungo mstari mmoja, anavivuruga, anavipanga tena. Sahani ya chakula inarudi kama ilivyokwenda. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa.

Siku moja nikapita kwa muuza mbegu pale sokoni, mwanamke mwongeaji huyo, hajawahi kuona mteja akamwacha apite. Nikamweleza.

"Shoga, mpe kitu cha kuotesha," akasema. "Lakini mtoto hana subira, usije ukampa mti wa matunda ukamkomoa. Mpe figili. Siku nne tu anaiona inachungulia. Mpe maharage, mbegu kubwa, haimponyoki vidoleni. Na alizeti, ashindane nayo urefu."

"Na boga je?"

"Una uwanja mkubwa?"

"Hatua sita kwa nne."

"Basi achana na boga. Litawahamisha mpangaji na mwenye nyumba."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kama naweza.

Tukakata madumu mabovu, tukayatoboa chini kwa msumari wa moto, tukajaza udongo. Kiroboto akapanda kimyakimya. Kila mbegu anaichimbia shimo kwa kidole, anaifunika, anaipigapiga kama anabembeleza mtoto.

Siku ya nne nipo kwenye cherehani, nikasikia ukelele.

"Mama! Imetoa kichwa! Mama, mbili! Tatu!"

Nikatoka mbio na uzi mdomoni. Alikuwa anaruka. Nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Miaka miwili tuliishi hivyo. Alizeti ikampita urefu, akanuna siku nzima. Maharage tulivuna kikombe kimoja, akawagawia majirani punje tatutatu kama tajiri.

Halafu ndiyo akaja yule mwanamke.

"Dada," aliniambia, bado yuko magotini. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikamtuma Kiroboto akachote maji. Ndoo ilikuwa imejaa, lakini akaenda.

Mwanamke akanieleza. Alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, wakakubaliana mtoto abaki na baba. Baada ya muda mume akahama nyumba, simu zake hapokei. Aliporudi alitafuta mpaka dereva mmoja aliyefanya kazi na marehemu akamwelekeza kwangu.

Hakumchukua mtoto siku hiyo. Alikuja kila Jumapili, miezi mitatu, akipalilia naye. Kwanza Kiroboto alimwita mgeni. Kisha mama wa Jumapili.

Kisha mama.

Siku ya kuondoka, Kiroboto alinishika mkono akanizungusha bustanini kunipa maagizo.

"Maharage usiyamwagilie jua likiwa kali. Alizeti ikilala, ifunge na kijiti. Na usisahau kula, mama."

Akapanda gari anaruka. Alitaka kiti cha dirishani, akakipata, akawa anashangaa barabara. Hata hakugeuka.

Mimi sikumwagilia kitu. Vyote vikakauka nikiwa navitazama kutoka kwenye cherehani.

Majirani walinifariji sana. "Mama wewe una moyo. Umelea, umenyang'anywa, hukusema neno." Na hapa najua mtaniambia hivyohivyo.

Subirini kwanza.

Mume wangu alipokufa, simu yake ilibaki kwangu. Wiki ya tatu baada ya mazishi zikaingia jumbe za sauti kutoka namba ngeni. Nikazisikiliza zote. Mwanamke analia. "Naomba tu nisikie anavyoongea. Bado anaogopa radi? Niambie tu kama bado anaogopa radi."

Ndiyo, alikuwa bado anaogopa. Nilijua, maana ilikuwa ikipiga ananirukia mimi.

Sikujibu. Nikaivunja laini vipande viwili. Kesho yake ndipo nikaenda kwa muuza mbegu.

Miaka miwili nilijua yule mama yuko hai. Miaka miwili nilimwacha alie.

Nilidhani siri ni yangu peke yangu. Jumapili ya mwisho, Kiroboto yuko ndani anafungasha nguo, mama yake akaniambia taratibu:

"Dada, sauti zangu zilisikilizwa. Simu ilinionyesha. Na marehemu alikuwa kaburini tayari."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Umemwambia mtoto?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Ameshampoteza baba. Nikimwambia, atakupoteza na wewe. Sikurudi kumpunguzia mwanangu watu."

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Kiroboto sasa ana miaka kumi na mitatu. Ananipigia simu, bado ananiita mama. Wiki iliyopita akaniuliza, "Mama, hivi kwa nini mama hakuwahi kutupigia miaka yote ile?"

Nikamjibu mtandao wa huko ulikuwa mbovu.

Akasema, "Aah, sawa." Akaniamini palepale.

Wenzangu mnaolea, wa kuzaa na wa kukuta, nawaachia hili tu: usimpende mtoto kwa namna ambayo siku moja utaogopa maswali yake.