Kauri Iliyokataa Kurudi Ilivyokuwa

Nilikuwa mwaka wa tatu nikifundisha fizikia katika sekondari moja ya Mtwara nilipoanza shahada ya pili. Masomo nilisoma wakati wa likizo, na msimamizi wangu wa chuoni tulizungumza kwa simu. Mume wangu, ambaye kazi yake ya bandarini ndiyo iliyotuleta huku, hakuelewa kwa nini nataka kujua kinachoupata umeme wa kauri ukiibana.

Siyo kauri ya vikombe. Ni ile iliyomo ndani ya viberiti vya gesi, inayotoa cheche ukiigonga. Wataalamu huiita feroelektriki. Ndani yake mna visehemu vidogo mno, kila kimoja kina ncha chanya na ncha hasi, na kiwandani hupangwa vielekee upande mmoja. Mimi nilitaka kupima jinsi uwezo wake wa kutunza chaji unavyobadilika mzigo unapoongezeka.

Chuo kilinipa vipande sita, vidogo kama vifungo vya shati, na mita ya kupimia uwezo huo. Kifaa cha kubania ilibidi nijitafutie. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Rahaleo akanitengenezea mkono mrefu wa chuma: kauri inakaa karibu na bawaba, na mwisho wa mkono unatundika mifuko ya mchanga. Mifuko tuliipima kijijini Mpapura, kwenye mizani ya korosho, huku wakulima wakituuliza mchanga huo tunamuuzia nani.

Nasema "tuliipima" kwa sababu sikuwa peke yangu. Fundi sanifu wa maabara ya shule yetu, mtu wa Mikindani aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na zaidi, alinishika mkono tangu mwanzo. Kila mfuko aliutundika kwa bismillahi, akasoma mita kwa sauti, nami nikaandika.

Namba zilipanda kidogo, kisha zikaanza kushuka kadiri mzigo ulivyozidi. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuja tulipoanza kuitoa mifuko: namba hazikurudi zilikotoka. Hata mkono ulipobaki mtupu, kauri haikuwa ile tuliyoanza nayo.

Msimamizi wangu alisema chuma changu kinapinda, nirudie. Nikarudia kwa kipande kipya, kisha kingine. Mambo yakawa yale yale, na jibu lake likawa lile lile. Vipande vilipobaki vitatu nilimwambia fundi sanifu kwamba naacha. Hakunibembeleza. Alifuta meza, akaniuliza:

"Mwalimu, hapa tunamshitaki nani, mkono au kauri? Tukiweka kitu kingine si tutamjua mwenye kosa?"

Kesho yake alikuja na kipande cha kioo cha dirisha, amekikata kwa kipimo cha kauri. Tukakipaka pande zote mbili rangi ya fedha inayopitisha umeme, tukakibana. Mifuko yote ikapanda, yote ikashuka. Namba ya mwisho ikawa sawa na ya kwanza.

"Mkono hauna kosa," alisema, akaketi.

Tulivibana vile vitatu vilivyosalia kwa moyo mwingine kabisa. Vyote vilikataa kurudi, na kwa kiasi kinachokaribiana. Kumbe sikuwa nimekosea hata siku moja. Mzigo ulikuwa umevigeuza visehemu vya ndani, na vingine vilibaki vimegeuka hata ulipoondoka.

Siku ya kutetea tasnifu yangu, Dar es Salaam, mtahini mmoja aliuliza swali nililolisubiri: nitathibitishaje kwamba si chuma kilichopinda? Nikaweka mchoro wa kioo juu ya mchoro wa kauri. Akailinganisha michoro yote miwili, akauliza:

"Wazo la kioo ni la nani?"

"La fundi sanifu wa maabara yetu."

"Mpelekee salamu zangu. Huo ndio utafiti."

Nilifaulu bila kutakiwa kurekebisha hata ukurasa mmoja. Msimamizi wangu akasimama mbele ya wote, akasema alikosea na mimi nilikuwa sahihi. Nilitoka nje nikampigia simu mume wangu, nikashindwa kuongea kwa kucheka.

Niliporudi shuleni nilimkabidhi fundi sanifu nakala ya tasnifu yenye jalada gumu, nikamfungulia ukurasa wa shukrani, ambako jina lake limetangulia yote. Aliusoma amesimama, akaurudia. Kisha akaomba akawaonyeshe wanawe Mikindani.

"Ni yako, baba," nilimwambia.

Akaifunga kwenye kanga ya mkewe, ile anayofungiwa chakula cha mchana, akaipakata kifuani, akaenda zake.