Mawe ya Saa ya Jua

Siku shule zilipofungwa, binti yangu aliniletea wanawe wawili, wasichana, na mzigo wao ulikuwa begi moja la nguo na tableti mbili. Mwenyewe akarudi zake Maskati kazini. Nikabaki nao katika nyumba yetu ya kijijini, kati ya Ibra na Al Qabil, mwezi wa Juni, mwezi ambao hata kuku hukaa kivulini mdomo wazi. Ikifika saa tatu asubuhi hakuna wa kutoka nje. Watoto walikaa ndani na tableti zao, nami nikakaa ndani na dhamiri yangu.

Maana mimi nilikuwa mwalimu. Nimewasomesha watoto wa watu mpaka nikastaafu, na wazazi wao nimewakemea vya kutosha: mtoto hapewi kioo akaachiwa dunia. Sasa kioo kimo nyumbani mwangu, na mwenye kukitia chaji ni mimi. Nilimpigia simu binti yangu kumlalamikia. Akanicheka, kisha akanitumia ukurasa wenye kazi za mikono za kufanya na watoto katika ile siku ya kiangazi ambayo mchana wake ni mrefu kuliko siku zote za mwaka.

"Fanya nao hizi, mama," akasema. "Nyepesi."

Nyepesi kwa aliyeziandika, ambaye nina hakika jua analiona kwa msimu. Tulianza na mataji ya maua. Maua ya ukutani kwetu yalinyauka hata uzi hatujaufunga. Tukafanya jua la sahani ya karatasi lenye miali ya utepe wa manjano, gundi ikayeyuka, miali ikamdondokea mdogo kwenye nywele, akalia. Cha tatu kilitukubali. Tulipanga majani ya mdimu na ya mkomamanga juu ya karatasi za buluu, tukaziweka juani kwenye paa bapa la nyumba na kuzikandamiza kwa vijiko. Muda mfupi tu jua likaila rangi yote isipokuwa chini ya majani. Wasichana walipoyaondoa na kuona sura ya kila jani imebaki pale, na vishipa vyake, walipiga ukelele wa furaha ambao tableti haijawahi kuwatoa. Nilijiona mwalimu tena. Kichwa kikanivimba, na kichwa kikivimba masikio huziba.

Cha mwisho katika ukurasa ule kilikuwa saa ya jua. Unachomeka kijiti, unakizungushia mawe, na kila jiwe unalipaka rangi. Kivuli kikigusa jiwe, saa imefika.

"Bibi, tunataka mawe," akasema mkubwa.

"Mawe? Nchi hii? Mawe ndiyo tuliyojaaliwa, mwanangu. Fungua mlango uokote."

Akatoka, akarudi uso umemshuka. "Hii mawe mbaya, Bibi. Hii inakata mkono. Mimi nataka abyadh, ile laini."

Mawe meupe tena laini nilijua yaliko. Nyuma ya shamba la mitende la jirani yetu kuna kiwanja kitupu, kimefagiliwa na upepo, na katikati yake nguzo ya chuma. Nimepita pale miaka. Siku zote nilidhani ni goli la mpira lililovunjika nusu, au kitu cha baladia, watu wa manispaa, kilichosahauliwa. Siku hiyo, siku ndefu yenyewe, mara baada ya sala ya alfajiri, niliwachukua wajukuu zangu na beseni la kufulia, mimi na mwavuli wangu, tukaenda.

Mawe yalikuwa mazuri kweli. Yalikuwa yamezama kidogo ardhini, mbali mbali, meupe, yamelainika kama yaliyoshikwashikwa sana. Wasichana waliyang'oa yale yaliyowapendeza, wakayaacha mengine. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau: wakayafukia mashimo kwa mchanga, wakayapigapiga kwa viganja mpaka pakawa sawa, kwa kuwa mimi niliwafundisha kwamba mahali ulipochukua kitu paache pazuri. Nikawasifu. Nikawaambia, "Ahsanteni, wanangu, hivyo ndivyo wafanyavyo watu wenye adabu."

Mchana kutwa walipaka rangi. Kila jiwe likapewa jua lenye macho na mdomo unaocheka. Jioni tukayapanga barazani kuzunguka fimbo ya ufagio, na picha nikampelekea binti yangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mume wangu alikuwa ameondoka kabla ya alfajiri kwenda Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa mandazi nikasikia sauti ya mwanamume nje, kali, ya mtu asiyejali nani anamsikia. Nikaenda kuchungulia kwenye geti.

Jirani yetu, mjane mtu mzima aliyeniacha kwa umri miaka kama ishirini, alikuwa amesimama penye falaji, mfereji unaoleta maji mashambani, sketi ameikunja, miguu imerowa mpaka magotini. Mbele yake mwenye shamba la pili, mwanamume wa makamo anayeishi Ibra mjini na kuja kijijini Ijumaa kwa Ijumaa. Walikuwa wanasema Kiarabu cha huku, lakini ugomvi wa maji hauhitaji mkalimani. Mwanamume alikuwa anamwambia mama yule kwamba amefungua maji kabla ya zamu yake. Kwamba bado ni zamu yake yeye mwanamume. Alinyoosha mkono kuelekea kile kiwanja.

"Kivuli hakijafika kwenye jiwe! Tazama! Kiko wapi na jiwe liko wapi?"

"Jiwe langu liko kabla ya hilo," akasema mama yule.

"Liko wapi? Nionyeshe."

Mama yule akatazama pale palipokuwa pamelainishwa kwa viganja vya wajukuu zangu. Kisha akayatazama maji.

"Maji ya watu ni haramu," akasema yule mwanamume. "Mwanamke mzima, unaiba maji siku ya Ijumaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile nguzo haikuwa goli. Ilikuwa saa. Kijiji kizima kinagawana maji ya falaji kwa kivuli chake: kivuli kikigusa jiwe lako unafungua kwako, kikigusa la mwenzio unafunga. Wengi siku hizi hutazama simu, lakini wazee wenye hisa zao za maji hawaiamini saa isiyotoka mbinguni, na mama huyu ni mmoja wao. Hata kusoma hakujua, ila kivuli alikijua. Mimi, mwalimu mstaafu, nilisoma kwenye simu namna ya kutengeneza saa ya jua, nikaenda nikaivunja saa ya jua ya watu ili nitengeneze ya barazani.

Nyuma yangu mawe yalikuwa yanacheka.

Ningeweza kutoka pale pale. Hazikuwa hatua nyingi. Lakini nilikuwa na kanga za nyumbani, mikono imejaa unga, na nikajiambia siwezi kutoka mbele ya mwanamume wa watu namna ile. Ni kweli, siwezi. Ila mwenye haraka huosha mikono kwa haraka, na mimi siku ile niliosha kidole kimoja kimoja. Nilitafuta abaya iliyokuwa mbele ya macho yangu. Nilipotoka, mwanamume ameshakwenda kuoga kwa ajili ya sala, na jirani yangu ameshayafunga maji. Alikuwa ameinama anarudisha kizuizi cha mfereji, matambara na jiwe, na miche yake ya midimu nyuma yake udongo haujarowa hata nusu. Zamu yake nyingine ilikuwa mpaka wiki ipite na siku juu yake. Juni hiyo.

Nikampigia simu mume wangu, nikamweleza. Nyuma yake mbuzi wanalia, watu wanapigiana bei.

"Yarudishe kimya kimya," akasema. "Usilikuze."

"Nirudishe wapi? Napajua mimi?"

"Basi ngoja nije."

Sikungoja. Baada ya sala niliwabebesha wasichana beseni, tukamfuata yule mwanamume shambani kwake. Nilimweleza yote kwa Kiarabu changu cha Maskati, maneno yakiniruka. Nilijitayarisha kwa lolote. Akayatazama mawe, akatazama zile sura zilizochorwa, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Maalesh, khala, maalesh! Si neno, mama. Watoto hawa. Hata wewe ungejuaje?"

Akalipiga picha jiwe moja. Akawapa wasichana tende mbichi za kwanza za msimu, mkono umejaa.

"Lakini yule mama umemwita mwizi," nikasema. "Nenda ukamtake radhi."

"Inshallah," akasema, na sote tunaijua ile inshallah.

Nilirudi nina uchungu kuliko nilivyokwenda. Mimi mwenye kosa nimechekewa na kupewa tende. Yeye asiye na kosa ameitwa mwizi kwa sauti ambayo kijiji kizima kimeisikia. 

Kwa jirani niliingia baada ya alasiri, peke yangu. Wajukuu zangu humwamkia "shikamoo," yeye haelewi na hucheka, lakini nyumbani kwake nimeingia mara nyingi. Alinitandikia mkeka mpya juu ya ule wa zamani, kama kawaida yake. Akaleta kahawa, akaleta tende, akanimiminia mimi kwanza. Nikakishika kikombe sikunywa. Nikasema niliyokuja kusema, nikalia, maana nilishindwa kujizuia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliwaona jana," akasema. "Nilikuwa dirishani. Walikuwa na furaha."

"Ulituona?"

"Niliwaona. Mkafukia na mashimo."

"Sasa mbona hukumwambia? Amekutukana, unajua mawe yako wapi, na umenyamaza! Ungesema tu: yako barazani kwa jirani."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyeuliza kwa nini watu hula.

"Mgeni hatajwi," akasema.

Mgeni. Nilizaliwa Unguja, ni kweli, na wazazi wangu walinirudisha Oman ningali mdogo. Lakini babu yangu aliondoka kutoka bonde hili hili. Kabila langu na kabila lake ni moja. Watu wa hapa wakituita Wazanzibari huwasahihisha papo hapo, nami si mpole katika kusahihisha. Nyumba tumejenga, maiti wao tumezika nao, harusi zao nimepika. Nikamwambia yote hayo, kwa hasira, mimi niliyekuja kuomba msamaha.

"Haya," akasema. "Kweli."

"Basi nilaumu. Nigombeze. Mimi si mgeni. Ningekuwa binti yako ungenifanyaje?"

"Binti yangu asingeyagusa."

Kisha, kwa kuwa aliona neno hilo limenichoma, akaunyoosha mkono akauweka gotini pangu. "Lawama ni ya wenye maji, ewe binti," akasema. "Nyinyi mna maji ya bomba. Kunywa kahawa, itapoa."

Nikanywa. Ilikuwa chungu na nzuri, na sikustahili.

Jumamosi asubuhi jirani alikuja mwenyewe getini kuwataka wasichana na mawe. Kuyarudisha si kazi ya kubahatisha. Lazima ukingojee kivuli, kikifika mahali pake ndipo jiwe liwekwe. Alikuwa ameshamwita mzee mwingine mwenye hisa awe shahidi. Nilikwenda nao nikasimama pembeni na mwavuli wangu. Mume wangu, aliyefika wakati huo huo kutoka Nizwa, alikaa garini na kiyoyozi, mbuzi wake wamefungwa nyuma.

Mama yule alichuchumaa kwenye vumbi, wajukuu zangu huku na huku. Kivuli kilijivuta. Alipolitoa jiwe la kwanza kwenye beseni aliligeuza, lile jua linalocheka likaangalia chini, akalikandamiza ardhini kwa kiganja. Jiwe la pili akampa mkubwa alikandamize. Aliwaambia kila jiwe ni la nyumba gani, na nani alifariki akamwachia nani. Mimi nilisikiliza kwa mbali. Hakuna aliyenikataza kusogea, wala hakuna aliyeniita.

Yule mdogo akachoka kungoja. Wakati wazee wanabishana juu ya jiwe la mwisho, alinyoosha mguu, akalisukuma kidogo kwa kidole gumba lile lililokwishawekwa, kwa mchezo tu.

Kofi lilimfika kwenye mguu kabla sijafungua mdomo. Halikuwa la kuumiza, lakini lilisikika. Na sauti niliyoisikia kwa jirani yangu sikuwahi kuisikia miaka yote: kali, kavu, isiyo na mkeka wala kahawa ndani yake.

"Usiliguse! Huna haya? Umejua ni la nani, nimekwambia ni la nani, na bado unaligusa? Keti chini!"

Mtoto akaketi.  Mama yule hakumbembeleza, wala hakunitazama mimi kuniomba radhi. Alimshika mkono kwa nguvu, akamwekea kidole juu ya jiwe, akamfanya alirudishe mwenyewe mahali pake, kisha akaendelea na kazi.

Mjukuu wangu alilia njia nzima kurudi nyumbani. Nilimbeba, nikamfuta machozi, nikamwambia yatakwisha, na huku moyoni namwonea wivu kwa kofi lile.